Chile relleno ya Denver, ya Albuquerque na ya Puebla: ipi ndiyo ya kweli?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Aurora, Colorado. Kazini tuliletewa chile relleno, yaani pilipili iliyojazwa, kutoka mgahawa wa Kimeksiko wa hapa Denver: pilipili na jibini ndani ya ganda kavu linalovunjika mdomoni, juu yake mchuzi wa kijani. Niliipenda mno. Baadaye nilikwenda kwa shemeji yangu Albuquerque, jimbo la New Mexico, nikaagiza jina lilelile, nikaletewa kitu kingine kabisa: pilipili ndefu na kikonyo chake, imevikwa yai. Mfanyakazi mwenzangu anayetoka Puebla, Meksiko, anasema zote mbili si chile relleno, ni za kubuni tu. Ipi ni ya kweli? Nitaipikaje nyumbani, na Desemba nikienda likizo Tanga itawezekana? Na sisi ni Waislamu: humo hamna nguruwe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lisilosubiri. Pilipili yenyewe, kwa mazoea ya Denver, ndani huwa na jibini tu. Tatizo liko juu yake. Ule mchuzi wa kijani, ambao kwenye menyu huandikwa chile verde, karibu kila mahali mjini humo hupikwa na vipande vya nyama ya nguruwe. Hata sahani ikija bila kipande hata kimoja, mchuzi umechemka na nyama hiyo. Kwa hiyo uliyoletewa kazini, kama ilikuwa na mchuzi wa kawaida wa Denver, ilikuwa na nguruwe. Najua si jibu ulilolitarajia, lakini ni afadhali nikwambie wazi.

Ipo migahawa inayopika sufuria ya pili kwa ajili ya wasiokula nyama. Iulizie, na uulize pia vitunguu vyake vimekaangwa kwa mafuta gani. Maharage ya kupondwa yanayowekwa pembeni mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe, manteca. Wali nao unaweza kuwa umepikwa kwa supu ya kuku ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wenu. Kisha uliza kama karai linalokaanga pilipili ndilo linalokaanga chicharrón, yaani ngozi ya nguruwe. Wahudumu wa migahawa hii wamezoea maswali ya namna hiyo. Piga simu kabla ya saa ya msongamano, utajibiwa kwa utulivu. Palipoandikwa puerco, yaani nguruwe, au carnitas, nyama yake ya kukaanga, usijisumbue kuuliza. Jambo jema ni kwamba mchuzi huo unakubali nyama nyingine bila kupoteza utamu wake, na nitakueleza mwishoni namna ya kuupika.

Sasa tuje kwenye ubishi wenu wa kazini. Mwenzako wa Puebla anajua anachokisema, kwa sababu kwao ndiko chimbuko la sura inayojulikana zaidi ya chakula hiki. Pilipili yake ni poblano: pana mabegani, nyembamba chini, kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi, na nyama yake ni nene kidogo. Huchomwa, humenywa, hujazwa jibini au nyama ya kusaga, halafu huvikwa mayai yaliyopigwa hadi kuwa povu zito na kukaangwa. Vazi hilo la mayai huitwa capeado. Linalotoka kwenye mafuta ni laini, limefura, lina rangi ya dhahabu, na hulazwa ndani ya mchuzi mwepesi wa nyanya hadi lishibe mchuzi huo. Kwa mtu wa Puebla, ulaini ule ndio wenyewe. Ukimpa ganda linalolia likitafunwa, ni lazima ashangae.

Lakini hata Meksiko kwenyewe hakuna kauli moja. Xalapa, katika jimbo la Veracruz, hujaza jalapeño, pilipili ndogo kali, kwa nyama iliyokatwakatwa na kuungwa. Oaxaca wana pilipili yao iitwayo chile de agua, na nyingine kavu yenye moshi, pasilla, nayo huloweshwa na kujazwa. Na Puebla hiyohiyo, kila Agosti na Septemba, hula chiles en nogada: poblano iliyojazwa nyama na matunda, ikafunikwa mchuzi mweupe wa jozi na kunyunyiziwa punje za komamanga na majani ya kotimiri, ili zionekane rangi tatu za bendera ya Meksiko. Simulizi ya Puebla husema watawa wa kike wa konventi ya Santa Mónica walimpikia Agustín de Iturbide chakula hicho mwaka 1821, nchi ilipojitenga na Hispania. Wako wanaoivika mayai na wako wanaokataa kabisa kuivika, na wote ni watu wa mji mmoja. Muulize mwenzako nyumbani kwao hufanyaje, utapata hadithi nzuri ya saa ya chakula cha mchana.

Tena hao wapishi wa New Mexico na kusini mwa Colorado si wageni waliochukua chakula cha watu na kukiharibu. Albuquerque ilianzishwa mwaka 1706 chini ya Hispania, ikaja kuwa Meksiko, na mwaka 1848, baada ya vita, ikawa Marekani bila wakazi wake kuhama nyumba. Mpaka ndio uliohama. Mto Arkansas, unaopita katika mji wa Pueblo, kilomita zisizofika 200 kusini ya hapo ulipo, ndio uliokuwa mpaka wa Meksiko na Marekani hadi mwaka huo. Familia zilizobaki upande wa kaskazini ziliendelea kupika kwa pilipili iliyoota mashambani mwao, na pilipili hiyo haikuwa poblano. Hapo ndipo palipo na jibu la swali lako. Ukitaka kujua kwa nini chile relleno ya mahali fulani iko ilivyo, angalia kwanza pilipili ya mahali hapo, kisha angalia namna jiko la mgahawa linavyofanya kazi. Ganda la kukaangwa huja baadaye.

Pilipili ya New Mexico ni ndefu, ya kijani cha kung'aa, nyembamba, na ganda lake hutoka vizuri ikibabuliwa. Sura hiyo ni kazi ya watu. Mtaalamu wa bustani Fabián García, aliyezaliwa Chihuahua, Meksiko, mwaka 1871 na kukulia New Mexico, alifanya kazi miaka mingi katika chuo cha kilimo cha Las Cruces, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico. Pilipili za wakulima wa wakati ule zilitofautiana ukubwa na ukali hata kwenye shina moja. García alizichagua na kuzichagua tena, akitafuta yenye nyama zaidi, laini ya uso, iliyochongoka na isiyo na mabega yaliyodidimia, kwa sababu penye mabonde ndipo ganda linapokataa kumenyeka. Mwaka 1921 alitoa aina aliyoiita New Mexico No. 9. Pilipili ndefu unazoziona leo katika masoko ya jimbo lile zina asili yake humo.

Aliyefuata nyayo zake ni Roy Nakayama, mtoto wa wakulima Wajapani wa bonde la mto Rio Grande. Mwaka 1975 alitoa NuMex Big Jim, iliyopewa jina la mkulima Jim Lytle wa Hatch, mji mdogo wa New Mexico unaosifika kwa pilipili. Hii ni pilipili kubwa ajabu: si nadra kuona moja yenye urefu wa sentimita 25 au 30, imenyooka, nyama nene, ukali wa wastani. Wapishi wa migahawa waliipenda papo hapo, kwa sababu pilipili iliyonyooka hukubali mche wa jibini kuingia bila kupasuka, na moja tu inatosha kujaza sahani. Ile uliyoletewa Albuquerque, ndefu na kikonyo chake, inawezekana sana ilikuwa Big Jim au ndugu yake.

Ukipita New Mexico kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, utakuta mbele ya maduka ya vyakula mapipa ya waya yanayozungushwa juu ya ndimi za moto wa gesi. Mteja hununua gunia, linamwagwa kwenye pipa, na kwa dakika chache pilipili zinaruka na kupasuka ganda huku moshi wake mtamu ukijaa eneo zima la kuegesha magari. Watu huzifungasha moto na kuzipeleka nyumbani kuzigawa kwenye mifuko ya friza, ziwatoshe mwaka mzima. Kwa hiyo katika jimbo lile mpishi haanzi na pilipili mbichi aliyoinunua kwa ajili ya oda moja. Anaanza na akiba. Na mhudumu atakuuliza kama unataka mchuzi mwekundu au wa kijani, swali ambalo bunge la jimbo lililipa hadhi ya kuwa swali rasmi la jimbo katika miaka ya 1990. Ukitaka yote mawili, sema "Christmas". Mwekundu hutokana na pilipili ileile iliyoachwa ikomae na kukauka.

Colorado ina fahari yake. Pilipili ya Pueblo ni ya jamii ya mirasol, ambayo tunda lake huelekea juu badala ya kuning'inia. Nyama yake ni nene kuliko ya Hatch na ukali wake huzidi kidogo. Mtafiti Michael Bartolo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado aliiboresha kutoka kwenye mbegu za mjomba wake, Harry Mosco, na aina hiyo ikaitwa Mosco. Kila Septemba Pueblo hufanya tamasha la pilipili na maharage. Nenda mwaka huu, si mbali, na urudi na gunia.

Lakini pilipili ya Pueblo ni fupi, haishiki jibini nyingi kama Big Jim, na ikishachomwa hupasuka upesi. Hapo tunaingia jikoni.

Wateja wengi hawajui kwamba povu la mayai lina uhai mfupi. Ute wa yai ukipigwa hadi usimame, una kama nusu saa ya uzima. Baada ya hapo unaanza kutoa maji chini ya bakuli, na pilipili utakayoichovya humo itatoka na vazi zito lililopasuka mgongoni. Nyumbani si shida, unapika sita mnakula. Mgahawani oda huja moja saa sita na robo, nne saa saba kasoro, kisha kimya, kisha kumi kwa mpigo. Mpishi inabidi apige mayai upya mara kwa mara au akubali kutoa kitu kibaya. Shida ya pili ni kwamba capeado haipatani na mashine ya kukaangia yenye vikapu vya waya, ambayo ndiyo moyo wa majiko mengi ya Marekani. Povu hujishika kwenye matundu ya waya, na ukiivuta pilipili unaacha nusu ya vazi lake kikapuni. Inataka kikaango kipana, mafuta ya kina kidogo, na mtu anayesimama hapo na upawa akiyamwagia mafuta mgongoni mwa pilipili hadi pande zote ziive. Jumamosi usiku, mtu huyo hayupo.

Migahawa mingi ya Denver ilipata njia yake. Pilipili iliyochomwa na kumenywa hupewa kipande cha jibini, kisha huzungushiwa manda ya Kichina, ile ngozi nyembamba ya unga na mayai inayotumika kwa wontoni na roli za Kichina. Hufungwa asubuhi, hupangwa kwenye trei, huingia friji au friza, na oda ikija hushushwa moja kwa moja kwenye kikapu cha mafuta. Dakika tatu au nne imetoka, kavu, imefura malengelenge madogo, na jibini haijavuja. Hata ikimwagiwa mchuzi mzito wa kijani hubaki na mlio. Ikifungwa ndani ya tortila, ile chapati nyembamba ya Kimeksiko, pamoja na maharage, ukapata burito, haigeuki kuwa uji njiani. Wewe mtu wa Tanga uliyekulia kwenye sambusa huhitaji kuelezwa zaidi: ni akili ileile ya kulifungia tamu lenye majimaji ndani ya manda ili lifike mdomoni likiwa zima.

Sioni ubunifu huo kuwa dhambi. Naona ni wapishi waliofikiri. Chile relleno ya Denver ni chakula cha kweli cha Denver, ya New Mexico ni ya kweli ya New Mexico, na ya Puebla ni mama wa familia kubwa. Texas, hasa San Antonio, utakuta poblano iliyojaa nyama ya ng'ombe ya kusaga na zabibu kavu. California walizoea pilipili za kopo, kazi iliyoanzishwa na Emilio Ortega mwishoni mwa karne ya 19 baada ya kuleta mbegu kutoka New Mexico, na nyumbani huzipanga kwenye trei na mayai na jibini kisha huoka, bila kukaanga kabisa. Hiyo ya mwisho siipendi sana, kwa kuwa pilipili ya kopo imeshapoteza moshi wake, lakini ni rahisi kwa wenye watoto.

Kinachonikera mimi ni kitu kingine: pilipili isiyomenywa. Hapo hakuna mjadala wa jimbo wala nchi. Ukikata chile relleno na kisu, ukakuta utando mgumu wa plastiki unavutika na kutoka pamoja na ganda lote la nje, jua jiko lile limekwepa kazi, hata kama kuta zake zimejaa picha za Meksiko. Ishara ya pili ni jibini: iwe imeyeyuka hadi katikati. Ya baridi katikati maana yake ilitoka friza na kukaangwa kwa moto mkali mno. Na ya tatu ni mafuta. Ukiona yanatuama sahanini chini ya mchuzi, karai halikuwa na joto la kutosha. Kwa vipimo hivyo vitatu unaweza kupima chile relleno ya mahali popote pale.

Sasa kupika. Kwa kuwa uko Aurora, ingia duka lolote la vyakula la Wameksiko, upate poblano sita kubwa, zilizonyooka kadiri inavyowezekana, ngumu, zisizo na makunyanzi. Msimu ukiwa umefika, chukua Hatch au Pueblo. Ukali usikutishe. Kwa kipimo alichokibuni Wilbur Scoville mwaka 1912, poblano ina alama kati ya 1,000 na 2,000, wakati pilipili kichaa zetu hufika 50,000 hadi 100,000. Ila kuna siku utakutana na poblano moja iliyopata jua kali na maji machache shambani, ikakuwasha bila taarifa.

Ziweke moja kwa moja juu ya moto wa jiko la gesi, au chini ya moto wa juu wa oveni, au juu ya mkaa, ambao ndio bora kuliko vyote. Unachotaka ni ganda tu liungue, nyama isiive sana. Maji yaliyo chini ya ganda hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaolitenga ganda na nyama. Ndiyo maana moto uwe mkali na kazi iwe ya haraka. Moto mdogo utapika pilipili nzima hadi iwe teketeke, na ganda bado limeng'ang'ania. Geuza kwa koleo hadi pande zote ziwe nyeusi, pamoja na kwenye mabega karibu na kikonyo, sehemu ambayo wengi huisahau na ndiyo itakayokusumbua baadaye. Weka kwenye bakuli, funika, subiri dakika 15.

Kumenya ni kwa vidole. Ganda litatoka kwa mapande. Usiziweke chini ya bomba, hata kama mtu amekwambia ni rahisi, kwa maana maji huondoka na ladha yote ya moshi uliyoitafuta. Chovya vidole vyako kwenye bakuli la maji, usichovye pilipili. Vaa glovu. Kapsaisini, kemikali inayowasha, haiyeyuki kwenye maji, hivyo kunawa kwa maji matupu hakusaidii; paka mafuta ya kupikia mikononi kwanza, kisha sabuni. Kwa kisu kidogo chana upande mmoja, kuanzia chini kidogo ya bega hadi karibu na ncha, usifike mwisho. Kata fundo la mbegu lililoshikamana na kikonyo na ulitoe taratibu, pamoja na zile nyuzi nyeupe, ambazo ndizo zenye ukali mwingi kuliko mbegu zenyewe. Kikonyo kibaki, ndicho mkono wa kushikia. Ikipasuka usiitupe, vijiti viwili vya meno vitaifunga.

Jibini iwe ya kuyeyuka: asadero, Oaxaca, au Monterey Jack. Gramu 300 zinatosha sita. Ikate michemiche, iwe ya baridi kutoka friji, na usijaze hadi pilipili ishindwe kufunga. Kisha zifute pilipili kwa tishu za jikoni hadi zikauke kabisa nje. Kama kuna jambo moja usilokubali kuliruka, ni hili, kwa sababu hakuna vazi linaloshika juu ya maji. Unaweza kuziacha friji usiku kucha zikiwa zimejazwa.

Ukitaka ya mtindo wa Puebla au wa Albuquerque, zipitishe kwenye unga wa ngano, zikung'ute zibaki na vumbi jembamba. Tenganisha mayai manne. Piga ute na chumvi kidogo hadi ukiinua mchapo ncha isimame bila kuinama, kisha changanya viini kimoja kimoja kwa mkono mwepesi, na kijiko kimoja cha unga. Mafuta yawe ya kina cha sentimita 2, joto kama nyuzi 180. Shika kikonyo, chovya, na uilaze kwenye mafuta upande uliochanwa ukiwa juu. Hapohapo chota mafuta kwa kijiko uyamwagie kwenye mpasuko: yai litashikana na kuufunga, na jibini haitapata pa kutokea. Utaona vazi linavimba na kingo zake zinaanza kuwa na rangi ya kahawia nyepesi. Geuza mara moja tu. Usipike zaidi ya mbili kwa wakati, mafuta yatapoa. Ziweke juu ya waya zichuje, usiziweke juu ya tishu, kwa maana chini zitalowa mvuke wake wenyewe.

Ukitaka ya Denver, nunua manda kubwa za roli za Kichina. Pilipili ikiwa ndefu ikate vipande viwili. Weka pilipili yenye jibini kwenye kona ya manda, kunja kona juu yake, ingiza pembeni mbili ndani, zungusha kwa kubana bila kuacha hewa, na ufunge kwa yai. Hewa ikibaki itapanuka na kupasua. Kaanga kwa nyuzi hizohizo 180 hadi iwe kahawia sawasawa.

Desemba ukiwa Tanga usihangaike kutafuta poblano, hutaipata. Chagua pilipili hoho ndogo, nyembamba, za kijani, uzichome kwenye jiko la mkaa namna ileile. Hoho haina ukali, kwa hiyo saga pilipili mbuzi nusu tu uichanganye na jibini, harufu yake ya matunda inapendeza sana humo. Hoho pia ina maji mengi kuliko poblano. Ikishamenywa iache ikiwa wazi kwenye ungo kwa saa moja. Mozarela ya dukani itafanya kazi. Na manda za sambusa zinafaa, ila ni nyembamba kuliko za Kichina na hazina yai, basi tumia mbili kwa pamoja, ufunge kwa gundi ya unga na maji kama kawaida yenu, na ukaange siku hiyohiyo, kwa sababu zikilala na pilipili yenye maji zitachanika.

Mchuzi wa kijani bila nguruwe. Chukua nusu kilo ya mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, au nyama ya ng'ombe ya bega yenye mafuta kidogo. Nguruwe huupa mchuzi huu unono, kwa hiyo nyama kavu ya kifua haitafaa. Kata vipande vidogo, tia chumvi, kaanga hadi vipate rangi, vitoe. Katika mafuta yaleyale kaanga kitunguu kimoja kikubwa na vitunguu saumu vinne, tia binzari nyembamba kijiko kidogo na oregano, kisha vijiko vitatu vya unga wa ngano, ukoroge dakika mbili hadi unga unukie. Mimina supu lita moja kidogokidogo. Rudisha nyama, ongeza nyanya mbili zilizokatwakatwa na pilipili ndefu za kijani nane au kumi zilizochomwa, kumenywa na kukatwa. Nyanya ndizo zinazoupa mchuzi wa Colorado ile rangi ya kuelekea machungwa. Wa New Mexico huwa hauna, na ni mwepesi zaidi. Kuku anataka dakika 40 kwa moto mdogo, ng'ombe saa moja na nusu au zaidi. Onja chumvi mwishoni, pilipili ikishatoa yote iliyonayo. Ukilala usiku mmoja unakuwa mtamu zaidi, na friza unakaa miezi. Siku ya kula upashe moto hadi uchemke, uuweke mezani kwenye bakuli lake, na kila mtu ajimwagie mwenyewe, maana wapo watakaotaka ganda lao libaki kavu hadi tonge la mwisho.